Muziki wa Matanga kwa Mtu Aliye Hai

Tsuyuko Arimura hakuwa mtu wa kukaa kitini. Mafundi wa ile studio ya chini ya ardhi kule Nerima walishazoea kumwona amesimama nyuma ya meza ya sauti, kiatu kimoja kavua, anajikuna kifundo cha mguu kwa kidole gumba cha mguu wa pili, macho kwenye skrini na sikio kwenye spika. Ukimletea kiti, atakitundikia mkoba. Ukimletea chai, itapoa.

Kazi yake ilikuwa kuchagua muziki wa katuni za televisheni. Mtunzi alitunga vipande vyake mapema, hata kabla ya michoro kupakwa rangi: kipande cha asubuhi, kipande cha kukimbizana, kipande cha mvua, kipande cha mama kukasirika. Akishavirekodi na kundi lake anakwenda zake, na kuanzia hapo kila wiki ni Tsuyuko ndiye anayeamua kipande gani kiingie wapi, kianze mtu akifungua mlango au akishaufunga. Alikata tepu kwa wembe na kuziunga kwa gundi. Katika miaka yote hiyo hakuna mwongozaji aliyewahi kumwambia kwamba amekosea hisia. Walimgombeza kwa kuchelewa, kwa kubishana, kwa kuvuta sigara karibu na mitambo. Kwa kukosea hisia, hapana.

Mwaka huo alikuwa na katuni ya Jumapili asubuhi iliyoitwa *Kanta wa Duka la Tofu*. Kanta ni mtoto mtundu anayeishi na babu yake Gensuke, mtengeneza tofu. Watoto waliipenda, na kampuni ya biskuti iliyoidhamini iliipenda zaidi.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Tsuyuko aliishi na baba yake, Mzee Kumekichi, fundi wa lipu aliyestaafu, mtu aliyekuwa maarufu mtaani kwa mzaha kuliko kwa kuta zake. Alikuwa na uwezo wa kuchekesha watu msibani, na alishafanya hivyo mara kadhaa, marehemu mkewe akimfinya paja. Sasa alikuwa anasahau. Alianza na majina, akaja kwenye siku, akafika kwenye njia ya kurudi nyumbani. Mchana alikaa na jirani yao, Mama Obata, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, na kila kazi iliposimama kidogo Tsuyuko alikimbilia simu ya ukutani pale koridoni.

"Yupo?"

"Yupo, anakula persimoni zangu. Fanya kazi we mtoto!"

Siku moja simu ikalia, ikalia, hakuna aliyepokea. Tsuyuko akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, kisha akaacha tepu zikiwa zimetapakaa mezani, akakimbilia treni. Alimkuta baba yake sebuleni anakunywa chai na Mama Obata, wote wazima. Simu haikuwepo mahali pake. Waya wake ulikuwa umenyooka juu ya mkeka hadi kwenye kabati la magodoro, na humo ndani ilikuwepo, imefunikwa shuka mbili na mto juu.

"Baba, hii nini?"

"Ilikuwa inalia sana, mwanangu," alisema mzee kwa upole. "Nikailaza."

Mama Obata akaangua kicheko hadi chai ikamtoka puani. Mzee akamtazama kwa kuridhika, kama fundi anayetazama ukuta ulionyooka. Lakini Tsuyuko hakucheka. Alipiga magoti pale kabatini, koti bado mwilini, akiifunua simu ile kana kwamba amekuta maiti ya mtoto.

Wiki iliyofuata akaletewa michoro ya kipindi kipya cha Kanta. Aliisoma akiwa amesimama kwenye treni, akaisoma mara ya pili, akapitiliza kituo chake.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Ni kiangazi, joto kali. Babu Gensuke haioni mitalawanda yake, viatu vyake vya mbao. Anazunguka nyumba nzima, anainua mikeka, anamshutumu paka. Mwishowe Kanta anafungua friji achukue chai ya shayiri, na mitalawanda ile hapo, kati ya mayai na figili. Babu anaduwaa kidogo, halafu anasema, "Nilitaka iwe baridi. Nyayo zangu zinaungua." Pembeni ya michoro mwongozaji alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Tarumbeta la besi, kile kipande cha Babu Anatembea.*

Kipande hicho Tsuyuko alikijua vizuri. Tarumbeta lile nene lilikwenda bum-ba, bum-ba, kama bata mnene anayepanda ngazi, na watoto walikuwa wakilisikia tu wanaanza kucheka kabla hawajaona kitu. Alikiunga na picha ile kichwani mwake. Usiku ule na asubuhi yake hakutulia. Alianza kuosha vyombo akaviacha, akafunua sufuria ya wali akaifunika. Alikuwa anaona mkono wa mtoto kwenye mlango wa friji, na huo mkono ukawa wake.

Siku ya kuchanganya sauti, maneno ya waigizaji yalikwisharekodiwa na vishindo vya milango na nyayo viko tayari. Fundi wa mitambo, Bwana Mamiya, aliketi mezani. Nyuma yake alijipweteka mwongozaji, Bwana Isurugi, kijana mwembamba mwenye miwani mikubwa, aliyekuwa na hamu ya kutengeneza kitu kitakachoandikwa magazetini na ambaye hadi sasa aliandikwa kwenye maboksi ya biskuti.

Picha ikaanza. Babu akainua mkeka. Badala ya tarumbeta, spika zikatoa kinanda kimoja, taratibu, noti zinadondoka kama maji ya paa baada ya mvua kwisha. Babu akamshutumu paka, kinanda kikaendelea. Kanta akafungua friji. Kinanda kikapanda noti moja na kukaa hapo. "Nilitaka iwe baridi," alisema Babu Gensuke, na sentensi ile ya kuchekesha ikasikika kama mtu anayeomba radhi.

Mamiya akasimamisha mtambo.

"Dada Tsuyuko," Isurugi akaanza, "umebeba kanda isiyo yake?"

"Hapana."

"Hiki si kipande cha mvua?"

"Ndicho."

"Sasa mvua iko wapi hapa? Mtu kaweka viatu kwenye friji! Watoto wanatakiwa wacheke."

"Wacheke nini? Mzee wa watu amepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, na sisi tunampigia bum-ba bum-ba kama vile ni nyani wa maonyesho. Bwana Isurugi, wewe una babu?"

"Alishafariki."

"Alikuwa anakumbuka jina lako?"

Isurugi akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Mamiya, aliyekuwa ametazama mbele muda wote huo, akapenga kamasi kwa nguvu. Hicho ndicho kilichoamua mambo. Mwongozaji alimtazama fundi huyo, mtu aliyechanganya sauti za kila aina ya kifo cha katuni bila kope kumtikisika, akamwona macho mekundu.

"Turudishe mwanzo," alisema Isurugi polepole. "Niione tena."

Kipindi kikapita hivyo hivyo, na kinanda chake.

Jumapili asubuhi Tsuyuko alikuwa nyumbani. Mama Obata alikuja na sahani ya viazi vya kukaanga, kama ilivyo desturi yake ya kuangalia "katuni ya mtoto wetu" kila wiki. Wakakaa watatu mbele ya televisheni, au tuseme wawili wakakaa na Tsuyuko akasimama mlangoni. Mzee Kumekichi aliamka vizuri siku hiyo. Alikuwa amenyoa mwenyewe, amebakiza kipande cha ndevu chini ya sikio.

Babu Gensuke alipoanza kutafuta mitalawanda, Mzee Kumekichi akatabasamu. Kinanda kilipoingia, tabasamu likabaki mdomoni lakini halikujua liende wapi. Akamtazama Mama Obata. Mama Obata alikuwa amebana leso puani, mabega yanatikisika.

"We mama, unalia nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee. Angalia tu."

"Kama hakuna aliyekufa, mbona wanapiga muziki wa matanga?" Akageukia skrini, ambako friji ilikuwa inafunguliwa. "Si kaweka viatu kwenye friji? Jambo la kuchekesha hilo! Nilitaka iwe baridi, kasema. Jibu zuri kabisa. Sasa mbona huyo mtoto hacheki?"

"Baba..." alisema Tsuyuko.

"Wanamlilia mtu kabla hajafa. Adabu gani hiyo?"

Akainuka. Goti lilimsumbua, lakini alikataa mkono wa Mama Obata. Alipompita binti yake pale mlangoni akasimama, akamtazama usoni kwa makini, kwa yale macho ya zamani, ya siku alizokuwa akipima ukuta kwa jicho moja.

"Ndivyo unavyoniangalia siku hizi ukifungua mlango," alisema. "Hivyo hivyo, kama huo muziki."

Akatoka uani, akabaki huko akizisukasuka nyungu za maua bila sababu. Mama Obata alijaribu kusema neno la kutuliza, akaona uso wa Tsuyuko, akakusanya sahani yake akaondoka. Tsuyuko alisimama pale hadi tangazo la biskuti likaisha. Alitaka kumfuata, akaona hata namna ya kumfuata haijui. Ataenda na uso gani?

Tatizo ni kwamba watu walikipenda kile kinanda. Simu zilipigwa kituoni. Akina mama walisema wamelia na watoto wao. Gazeti moja likaandika aya nzima kuhusu "ujasiri wa mwongozaji kijana", na Isurugi akaibandika aya hiyo ukutani studioni, juu ya ratiba. Michoro ya kipindi kingine cha Babu Gensuke ilipofika, pembeni yake kalamu nyekundu ilikuwa imeandika kila mahali neno moja: *kinanda, kinanda, kinanda.*

Safari hii Babu anatumwa dukani kununua vitunguu majani. Anarudi jioni amebeba bakuli la samaki wekundu wa mapambo. Kanta anamuuliza, vitunguu viko wapi? Babu anatazama bakuli, anatazama mtoto, anasema, "Hivi vinaogelea." Kisha anaanza kucheka mwenyewe, na Kanta anacheka.

Tsuyuko alikuja na tarumbeta la besi.

"Unanifanyia makusudi," alisema Isurugi. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilipotaka tarumbeta ukanipa kinanda. Nataka kinanda, unanipa tarumbeta. Mwongozaji ni nani hapa?"

"Ni wewe. Lakini mara ile nilikosea."

"Ulikosea? Dada, nchi nzima imelia!"

"Ndiyo hiyo shida. Wamelia, na mzee mwenyewe yuko hai, anauza tofu." Tsuyuko alikuwa anatembea kutoka ukutani hadi mlangoni na kurudi. "Nilimwekea muziki wangu mimi. Ule ulikuwa moyo wangu, haukuwa wa mzee. Mzee alitoa mzaha, mzaha mzuri, na mimi nikaumwagia maji."

"Na tarumbeta je? Si wewe uliyesema nyani wa maonyesho?"

Hapo Tsuyuko akasimama. Ni kweli tarumbeta lile lilimcheka mzee. Lilianza kumcheka tangu alipotokea barabarani, kabla hajafanya lolote, likawaambia watoto: mtazameni huyu. Aliomba picha irudishwe bila muziki wowote. Mamiya akairudisha. Wakamtazama Babu akija na bakuli lake jioni, nyayo zake tu zinasikika na maji yakigonga kioo. Vitunguu viko wapi? Kimya. Hivi vinaogelea. Kimya tena, na kimya hicho kilikuwa kizito, hukujua ucheke au ufanye nini. Halafu bega la Babu likatikisika, na kicheko kikamtoka.

"Hapo," alisema Tsuyuko. "Bwana Mamiya, rudisha. Hapo hapo anapocheka. Muziki usimtangulie. Akianza yeye, ndipo tumfuate."

Alichukua wembe, akapiga magoti sakafuni na tepu shingoni kama tai, akakata mwanzo wote wa Babu Anatembea, zile bum-ba za kupandia ngazi, akabakiza pale tarumbeta linapokimbia. Mamiya akaunga. Picha ikarudishwa. Babu akacheka, na tarumbeta likaingia nyuma yake kama rafiki aliyesikia mzaha akiwa chumba cha pili.

Isurugi alitazama mara mbili mfululizo.

"Hakuna atakayelia," alisema.

"Hapana."

"Hakuna atakayeandika gazetini."

"Sidhani."

"Na huko nyuma kote kimya? Mdhamini atafikiri televisheni yake imeharibika." Akaguna, akajikuna kichwa kwa kalamu yake nyekundu hadi paji la uso likawa na mistari. "Sawa. Lakini kipindi cha fainali ni kinanda, na sitaki kusikia neno lako. Neno hata moja!"

"Cha fainali fanya unavyotaka."

Kipindi kilirushwa Jumapili yenye baridi. Hakuna aliyepiga simu kituoni. Mama Obata alikuwa kwa dada yake. Tsuyuko alimwandalia baba yake mahali, akamwekea mto mgongoni, na safari hii akakaa chini kabisa, karibu naye, amsikie atakavyocheka. Babu Gensuke alipotokea na bakuli lake, Mzee Kumekichi alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi, meno yake ya bandia yamelegea. Tsuyuko alimgusa bega. Mzee akasema "Mchanga umezidi," bila kufumbua macho, akaendelea kukoroma. Kipindi kikaisha, likaja tangazo la biskuti. Mzee hakukiona, na hakikurudiwa.

Tsuyuko alikasirika kidogo. Halafu akakumbuka baba yake alivyosema "mchanga umezidi", kwa ukali wa msimamizi, na yeye mwenyewe akacheka, peke yake, mbele ya tangazo.

Majira ya kuchipua yalipofika, Kanta alikuwa amekwisha, fainali yake na kinanda chake, na Tsuyuko alikuwa kwenye katuni ya wasichana wa voliboli. Ni mchana mmoja wa hapo ndipo Mama Obata alipopiga studioni, sauti yake imekauka.

"Tsuyu, mwanangu, mzee katoka. Nimegeuka kutoa nguo nje, narudi hayupo. Viatu havipo."

Tsuyuko alizunguka mtaa mzima akikimbia. Alipita kwa muuza mchele, kwa kinyozi, hekaluni, kwenye bustani ya mto. Kila mzee mwenye kofia alimshtua moyo. Mwishowe mama mmoja wa duka la maua akamwelekeza nyuma ya shule, ambako ghorofa dogo lilikuwa linajengwa. Akamkuta hapo. Mzee Kumekichi alisimama juu ya ubao, mikono ya shati kakunja, mwiko mkononi, anapiga lipu. Nywele zake zilikuwa zimejaa udongo. Vijana watatu walisimama chini wakimtazama, na msimamizi wao, mtu mzima mwenye taulo kichwani, alikuwa ameushika ule ubao kwa mikono miwili usiyumbe.

"Baba!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia.

Mzee akageuka. "Umechelewa," alisema. "Hawa watoto hawajui kitu. Wa huku mvivu, wa kule mwongo."

Vijana wakacheka. "Babu katuajiri sisi," alisema mmoja. "Tumeambiwa hakuna mapumziko."

Tsuyuko alianza kugomba na kucheka kwa pamoja, maneno yakagongana, akaishia kumshika baba yake kiuno na kumteremsha. Alimwinamia msimamizi mara nyingi, akaomba radhi. Yule mtu akasogea karibu, akanong'ona, "Ukuta wote huu tutaukwangua, lakini usimwambie. Mkono wake unatetemeka. Zamani alikuwa fundi, siyo?"

"Zamani."

"Inaonekana alivyoshika mwiko."

Hakukuwa na namna ya kumpeleka nyumbani vile alivyo. Akampeleka moja kwa moja bafu la umma la mtaani, ambalo ndiyo kwanza lilikuwa limefunguliwa mchana huo. Pale mlangoni wanaume upande huu, wanawake upande ule, na Tsuyuko akasita. Alimwambia mama wa kaunta hali ilivyo. Mama yule akasema kuna wazee wenzake wawili ndani, watamwangalia, aende tu.

Kwa hiyo Tsuyuko naye akaoga. Alikaa kwenye maji ya moto hadi shingoni, peke yake upande wa wanawake, lakini mwili haukulegea. Alitega sikio juu ya ukuta uliotenganisha pande mbili, ambao haukufika darini. Alisikia ndoo, alisikia mtu akikohoa. Kisha kimya kirefu. Akainuka nusu, maji yakimtiririka.

"Tsuyu!" sauti ya baba yake ikapita juu ya ukuta. "Sabuni!"

Akachukua kipande chake cha sabuni, akalenga, akakirusha.

"Jamani!" mwanaume mwingine akapiga kelele upande wa pili. "Kichwa changu!"